Hogan biiki: mapenzi kwa jemadari aliyeangushwa

Wajapani wana neno kwa ile hali ya kumwonea huruma mnyonge na kumshabikia, hasa anayeonewa na wakubwa wake: hogan biiki. Biiki ni upendeleo. Hogan ni cheo alichopewa Minamoto no Yoshitsune, jemadari aliyezaliwa mwaka 1159. Ukitaka kuielewa dhana hii kifuatilie cheo hicho, maana ndicho kilichomponza.

Baba yake aliuawa mwaka 1160 baada ya kushindwa na ukoo wa Taira. Yoshitsune, akiwa bado mchanga, aliachwa hai, na baadaye akawekwa katika hekalu la Kurama, karibu na Kyoto. Alipopata ujana alitorokea Hiraizumi, kaskazini ya mbali, kwa bwana mkubwa Fujiwara no Hidehira. Mwaka 1180 kaka yake wa kwa baba, Yoritomo, aliwainukia Taira, naye Yoshitsune akaja kumuunga mkono.

Vitani hakuwa na mfano. Huko Ichi-no-Tani, mwaka 1184, Taira walipiga kambi kati ya bahari na milima mikali, wakijua adui hawezi kutokea juu. Masimulizi ya kale yanasema alitokea huko huko, akiteremsha farasi kwenye genge. Mwaka uliofuata alivuka bahari katika dhoruba na kikosi kidogo, akawafukuza Taira kutoka Yashima, kisha akawamaliza katika vita vya baharini vya Dan-no-ura. Mfalme wao, mtoto Antoku, alizama humo.

Lakini mwaka 1184 mfalme mstaafu Go-Shirakawa alikuwa amempa cheo cha hogan, ofisa wa ulinzi na sheria mjini Kyoto, naye akakipokea bila idhini ya Yoritomo. Wengi humlaumu kaka kwa wivu. Naona si wivu tu: Yoritomo alikuwa anajenga, katika mji wake wa Kamakura, utawala ambao mpiganaji hapati tuzo ila kupitia kwake. Kama mdogo wake mwenyewe anapokea vyeo pembeni, nani mwingine angetii?

Yoshitsune aliporudi na mateka alizuiwa Koshigoe, nje kidogo ya Kamakura. Aliandika barua ya kuomba radhi, hakufunguliwa mlango. Baadaye, mjini Kyoto, alishambuliwa usiku na watu waliotumwa kumuua. Akapata amri ya kifalme ya kumpiga kaka yake, lakini wapiganaji waliomfuata walikuwa wachache. Hapo ndipo udhaifu wake ulipoonekana: alijua kushinda vita, ila hakuwa na ardhi ya kuwagawia watu. Yoritomo naye akautumia msako wa kumtafuta mdogo wake kupata kibali cha kuweka maofisa wake majimboni.

Yoshitsune alirudi kujificha Hiraizumi. Hidehira akafa mwaka 1187, na mwaka 1189 mwanawe Yasuhira, kwa shinikizo la Kamakura, akamzingira Koromogawa. Yoshitsune akajiua. Kichwa chake kililowekwa katika pombe ya mchele, kikapelekwa kukaguliwa Koshigoe, pale pale alipokuwa amezuiwa. Yasuhira hakunufaika kitu. Mwaka huo huo Yoritomo aliiteka Hiraizumi. Mwaka 1192 akawa shoguni, yaani mtawala mkuu wa kijeshi.

Hata hivyo michezo ya kuigiza ya jadi, no na kabuki, imempenda zaidi aliyeshindwa. Wengine walikataa kabisa kwamba alikufa: wakasimulia kuwa alivukia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, na baadhi wakafika kudai, bila ushahidi wowote, kuwa ndiye aliyekuja kuitwa Genghis Khan.