Je, yai la chura likiwa angani hujuaje juu na chini?

Yai la chura ni jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili. Likisharutubishwa hujigeuza lenyewe: upande mweupe, wenye kiini kizito, huzama chini na mweusi hubaki juu. Kwa zaidi ya miaka 100 wanabiolojia walijiuliza kama mgeuko huo ndio unaopanga kichwa kiote wapi na mkia wapi. Pasipo uzito, je, si ukuaji wake utavurugika?

Septemba 1992 chombo cha Endeavour kilipaa kwa safari ya STS-47, kikiwa na wanaanga saba na maabara ya Marekani na Japani. Majaribio yalikuwa 44, mengi ya metali na fuwele, lakini lililonivutia mimi ni la vyura majike wanne, jamii ya vyura wa Afrika wenye kucha miguuni. Mmoja wa waliolishughulikia ni Dkt. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani (na Kiswahili anakizungumza).

Ili watage, vyura walidungwa homoni ya mimba ya binadamu. Usicheke: tangu miaka ya 1930 maabara zilipima ujauzito kwa kumdunga chura wa aina hii mkojo wa mwanamke. Akitaga, mimba ipo.

Mayai yakarutubishwa hukohuko. Mengine yaliwekwa kwenye mashine inayozunguka, yapate mvuto kama wa duniani. Mengine yakaachwa bila uzito. Makundi yote mawili yakatoa viluwiluwi, kichwa mbele, mkia nyuma. Kumbe ule upande mweusi na mweupe hupangwa tangu yai likiwa tumboni mwa mama, na mahali mbegu ya dume inapoingilia ndipo panapoamua mgongo uwe upande gani. Mvuto hauhitajiki sana hapo.

Ulihitajika baadaye. Kiluwiluwi huogelea hadi juu ya maji kumeza hewa yake ya kwanza. Angani hewa ni povu tu linaloelea katikati ya maji, na "juu" haipo. Waliokulia bila uzito hawakuipata hewa hiyo; walirudi duniani Septemba 20 na mapafu madogo, yaliyosinyaa, ilhali wenzao wa kwenye mashine walikwisha kuyajaza. Siku chache baada ya kutua, tofauti hiyo ikatoweka.