ACM ni nini? Asteroidi, kometi na kimondo chini ya paa moja

Watafiti wa anga wakiambiana "tuonane ACM", wanazungumzia mkutano wa kisayansi wa kimataifa unaohusu magimba madogo ya mfumo wa Jua: asteroidi, kometi na vimondo. Herufi hizo tatu zimetokana na majina hayo kwa Kiingereza. Mkutano wa kwanza ulifanyika Uppsala, Sweden, mwaka 1983. Ukarudi mji huohuo 1985 na 1989, halafu ukaanza kuhamahama: Flagstaff jimboni Arizona 1991, Versailles 1996, Berlin 2002, Búzios nchini Brazili 2005, Niigata nchini Japani 2012, Helsinki 2014, Montevideo 2017. Ule wa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya Uviko, ukafanyika Flagstaff Juni 2023. Katika safari zote hizo haukutia mguu Afrika, ingawa kisa kinachoeleza vizuri kuliko vyote kwa nini mkutano huu upo kilitokea Sudan. Kabla ya kufika huko, tuyaweke sawa majina yenyewe.

Asteroidi ni gimba la mwamba, chuma au mchanganyiko wa vyote viwili, linalozunguka Jua na ambalo halikufikia ukubwa wa sayari. Nyingi ziko kati ya Mirihi na Mshtarii. Ceres, kubwa kuliko zote za ukanda huo, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi. Ndogo zinafikia mita chache tu. Kometi ina barafu nyingi iliyochanganyika na vumbi. Ikilikaribia Jua, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, mvuke hubeba vumbi, na gimba hujizungushia ukungu na kuota mkia. Mkia huo haufuati nyuma kama vumbi la gari barabarani. Unaelekea upande ulio mbali na Jua, kwa hiyo kometi inayoondoka karibu na Jua hutanguliza mkia wake.

Kimondo ndilo neno lenye kazi. Kiswahili kinalitumia kwa mambo matatu ambayo wataalamu huyatenganisha: kijiwe kikiwa bado angani, mwanga kinapowaka, na jiwe lililobaki ardhini. Kwa kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia za mwaka 2017, kijiwe cha angani ni kile chenye ukubwa kati ya mikromita 30 (sehemu tatu za mia za milimita) na mita 1 hivi. Juu ya hapo tunaingia kwenye asteroidi. Mwanga tunaouona usiku kwa kawaida huanza kilomita 80 hadi 120 juu ya vichwa vyetu, na chembe iliyouwasha mara nyingi haizidi punje ya mchanga. Kinachoifanya ing'ae ni mwendo: kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Jiwe la Mbozi, mkoani Songwe, ni kimondo kwa maana ya tatu. Ni pande la chuma chenye nikeli, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Ukiandika kwa Kiswahili, ongeza neno moja tu, "mwanga wa kimondo" au "jiwe la kimondo", na msomaji hatapotea.

Mipaka hii inapendeza kwenye karatasi. Angani haishiki. Mwaka 1949 ilionekana kometi yenye mkia hafifu, kisha ikapotea. Mwaka 1979 ikagunduliwa asteroidi isiyo na mkia wowote. Mwaka 1992 hesabu za njia zikaonyesha ni gimba lilelile, na leo lina namba ya asteroidi 4015 na jina la kometi, Wilson–Harrington. Kuna pia 133P/Elst–Pizarro, inayokaa ndani ya ukanda wa asteroidi na kuota mkia kila inapokaribia Jua.

Na kuna Phaethon, iliyogunduliwa 1983, mwaka uleule wa mkutano wa kwanza. Kwa sura ni asteroidi, mwamba wa kilomita tano au sita. Lakini njia yake ndiyo njia ya vimondo vinavyomiminika kila tarehe 13 na 14 Desemba kutoka upande wa kundinyota la Mapacha, vile ambavyo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akitoka nje saa nane usiku, mbali na taa, huvihesabu bila shida. Kwa kawaida mvua ya vimondo ni vumbi la kometi. Hii imetoka kwa asteroidi inayopita kilomita milioni 21 tu kutoka kwenye Jua na kupata joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Mtaalamu wa asteroidi akikaa peke yake, na wa vimondo peke yake, kila mmoja ana nusu ya habari. Ndiyo maana ya kuweka herufi tatu kwenye bango moja.

Sasa Sudan. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 2008, kwa saa za dunia, darubini ya mradi wa Catalina wa kusaka asteroidi kule Arizona iliona nukta inayosogea. Ikapewa alama 2008 TC3, na alama hiyo inasomeka kama namba ya gari. 2008 ni mwaka. T ni nusu ya kwanza ya Oktoba, kwa kuwa kila nusu mwezi ina herufi yake, A ikianza na Januari na herufi I ikirukwa. C3 ni zamu: herufi 25 hutumika kwa mzunguko mmoja, mizunguko mitatu imeshakamilika, na C ni ya tatu katika unaofuata. Yaani gimba la 78 la kipindi hicho.

Hesabu zilionyesha litaigonga Dunia baada ya saa 20 hivi. Lilikuwa na upana wa mita nne tu, kwa hiyo hapakuwa na hofu. Kulikuwa na mbio za kulipima. Lilipasuka kilomita 37 juu ya jangwa la Nubia, saa 11 na dakika 46 alfajiri ya tarehe 7 kwa saa za Sudan. Desemba, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Peter Jenniskens kutoka California waliwapanga wanafunzi mstari mmoja, wakatembea jangwani wakiangalia chini. Mpaka leo vimeokotwa vipande vipatavyo 600, vyote pamoja kilo 10 na kidogo. Viliitwa Almahata Sitta kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu: stesheni namba sita, na hiyo "sita" ni ileile tunayohesabia sisi.

Hii ilikuwa mara ya kwanza gimba kuonekana angani kama asteroidi, kuwaka kama kimondo, na kuokotwa kama jiwe. Na jiwe likaleta fujo ya kisayansi: vipande vya asteroidi moja vilikuwa vya aina mbalimbali za mawe, ishara kwamba gimba lile lilikuwa lundo la vifusi vya migongano ya zamani. Mara ya pili mnyororo mzima kukamilika ilikuwa pia Afrika: 2018 LA, Botswana, Juni 2018.

Wengi wanaookota jiwe la kimondo huliharibu kabla halijafika maabara, na hapa lawama huiangukia sumaku. Kulipima jiwe kwa sumaku ni jambo linalokuja haraka kichwani, lakini hufuta kumbukumbu ya usumaku wa zamani iliyohifadhiwa ndani yake, na kumbukumbu hiyo hairudi. Utaratibu mzuri ni huu: piga picha jiwe likiwa mahali pake na kitu cha kulinganisha ukubwa, andika majiranukta ya GPS, liokote kwa karatasi ya aluminiamu bila kuligusa kwa mkono, weka kwenye mfuko safi uliokauka. Usilioshe, chuma kikipata unyevu na chumvi huota kutu kutoka ndani. Kinachodanganya zaidi ni mavi ya chuma, yale mabaki ya uhunzi. Ni meusi na mazito, lakini ukitazama utaona vitundu vya mapovu. Jiwe la kimondo kwa kawaida halina mapovu. Lina ganda jeusi jembamba, na likimeguka, ndani mara nyingi huwa na rangi nyepesi zaidi.

Mkutanoni, kazi huanza miezi kabla, kwa ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ya ukurasa mmoja au miwili. Wanaokubaliwa hupewa ama wasilisho la dakika chache jukwaani, ama bango la ukutani. Wageni hudhani bango ni daraja la pili. Si kweli: mbele ya bango mtu anakuuliza maswali nusu saa nzima, na kosa kwenye hesabu yako linaonekana hapohapo. Ikisiri dhaifu hujulikana kwa jambo moja, namba isiyo na kiwango cha shaka. Ukisema asteroidi ina kipenyo cha mita 300, kwanza umekipataje? Darubini ya kawaida hupima mng'ao. Gimba dogo jeupe na kubwa jeusi hung'aa sawa, na bila kujua weupe wa uso, ukubwa unaweza kukosewa mara mbili au zaidi.

Shaka hiyohiyo ndiyo chanzo cha vichwa vya habari vya kutisha. Asteroidi 2024 YR4, ya mita 60 hivi, iligunduliwa Desemba 2024, na Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3 na kitu, kisha ukaanguka karibu na sifuri. Watu wakadhani wanasayansi wamebabaika. Chukua mkeka, weka sahani juu yake. Mkeka ni eneo lote ambamo asteroidi inaweza kupita. Sahani ni Dunia. Kila kipimo kipya kinaukunja mkeka. Sahani ikiwa bado ndani, sehemu yake ya mkeka inakua, na asilimia inapanda. Mkunjo mmoja zaidi, sahani iko nje. Hakuna aliyekosea.

Kuna desturi moja ya ACM ambayo haimo kwenye ikisiri yoyote: asteroidi hupewa majina ya watafiti wa fani hii, na majina mapya hutangazwa mkutanoni. Kabla ya hapo njia ya gimba lazima ijulikane vizuri kiasi cha kupewa namba ya kudumu. Aliyeligundua hupendekeza jina, kamati ya Umoja wa Wanaastronomia huamua. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe la biashara, na la paka au mbwa wako halipendelewi. Mtafiti anaweza kupata asteroidi yake akiwa hai, ameketi ukumbini. Mwanasiasa na jenerali husubiri hadi miaka 100 ipite tangu wafe.