Chopa haitui popote: nyaya za umeme na mawingu ya masika

Masika yanapoingia Dar es Salaam, malalamiko yanayofika mezani kwetu huwa ya aina mbili. Kuna mratibu wa msafara anayetaka kujua kwa nini helikopta aliyoilipia imeahirisha safari ilhali mvua ni "manyunyu tu". Na kuna mwenye jengo anayeona kibali cha urefu ni usumbufu. Hawafahamiani, lakini jibu lao ni moja: helikopta inayogonga laini ya umeme wakati hali ya hewa imeharibika.

Mfano unaojulikana ni wa usiku wa 25 Oktoba 1991, karibu na Vallejo, California, Marekani. Promota wa muziki Bill Graham alikuwa akirudi kutoka tamashani kwa helikopta aina ya Bell 206, katika mvua na upepo. Iligonga mnara wa umeme wa msongo mkubwa, na watu wote 3 waliokuwamo wakafariki. Mnara ulikuwa palepale ulipojengwa. Helikopta ndiyo iliyokuwa chini mno.

Hivi ndivyo inavyotokea. Rubani anayeruka kwa kutazama nje anahitaji kuiona ardhi. Wingu likishuka, naye anashuka. Likishuka tena, anashuka tena, kila mara akiamini mbele kuna mwanga, mpaka anafika kwenye urefu wa minara na nyaya. Kwa kawaida juu ya mji anatakiwa kuwa angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kutoka alipo, na kwingineko mita 150, isipokuwa anapopaa au kutua. Wingu likikaa chini ya hapo, safari hiyo haipo. Kumwomba "ajaribu kidogo" ni kumwomba ashuke penye nyaya.

Naulizwa mara nyingi kama rubani hana macho. Swali hili hunichosha, lakini nalijibu. Ukisimama Ubungo ukatazama laini za kilovoti 132 na 220, unaziona vizuri kwa sababu nyuma yake kuna anga. Rubani yuko juu. Nyuma ya waya, kwake, kuna mabati, miembe na barabara, na waya uliochakaa una rangi ya vitu hivyo hivyo. Halafu juu kabisa ya minara hupita waya wa kukinga radi, mwembamba kuliko zile nyaya nene za chini yake. Rubani anaweza kuziona nene, akainua helikopta kuzikwepa, akauvaa ule mwembamba. Ndiyo maana marubani hufundishwa kutafuta mnara badala ya waya, na kuvuka laini juu ya mnara wenyewe. Zipo helikopta zenye visu vya kukatia waya mbele, lakini haviwezi kila waya, wala haviwezi mnara.

Sasa kibali. Maombi hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kabla ya ujenzi, na kinachotakiwa ni viwianishi vya eneo, yaani namba za ramani zinazoonyesha mahali hasa, na urefu wa ncha ya juu kutoka usawa wa bahari. Narudia: usawa wa bahari. "Ghorofa 12" si urefu. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko takribani mita 55 juu ya bahari. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndani ya kilomita 4 kutoka uwanja wa aina hiyo kizuizi kisizidi mita 45 juu ya usawa wa uwanja, yaani kama mita 100 juu ya bahari, na upande ndege zinakoingilia masharti ni makali zaidi. Kama kiwanja chako kiko kwenye mwinuko wa mita 70, umebakiwa na mita 30, ukijumlisha tangi la maji, antena na kinga ya radi. Kreni ya ujenzi nayo inahesabiwa. Tarehe 16 Januari 2013 jijini London, helikopta iligonga kreni kukiwa na ukungu, akafariki rubani na mtu aliyekuwa akitembea barabarani. Anayejenga bila kibali anaweza kuamriwa kupunguza urefu kwa gharama zake.

Taa nyekundu juu ya mnara ikizimika, mwenye mnara atoe taarifa siku hiyohiyo. Mipira ya rangi kwenye laini, ambayo kipenyo chake hakipungui sentimita 60, imewekwa ili waya uonekane. Nawasihi wazazi mwaambie watoto wasiipige mawe.

Waandaaji wa mikutano pale Zakhem au Jangwani, msitume ujumbe kwamba "uwanja uko wazi". Mtu atembee kwa miguu mchana, azunguke uwanja mzima, aandike kila waya, hata ule unaovushwa kutoka nguzo hadi kibanda cha soda. Picha zimfikie rubani kabla hajapaa. Na rubani akisema hali ya hewa hairuhusu, tafadhali msikate simu mkampigia mwenye helikopta mwingine mpaka mpate atakayekubali. Hilo linafanyika, na linanitia hofu kuliko jambo lolote nililoandika hapa.

Ajali ikitokea, najua moyo wa watu wetu. Wavuvi wa Bukoba walikimbilia ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Novemba 2022 wakaokoa watu. Lakini palipo na waya uliokatika, kukimbilia kunaua. Kaeni angalau mita 10 mbali. Aliyekwishasogea karibu asipige hatua ndefu, aondoke kwa kuburuta miguu ikiwa imebanana, kwa kuwa umeme hutambaa ardhini. Msiwashe kitu, msichote mafuta. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakichota, tukazika zaidi ya watu 100. Pigeni 114 kwa Zimamoto au 112 kwa Polisi, na mseme wazi kwamba kuna waya chini ili umeme ukatwe kwanza.

Mabaki yasiguswe, hata kipande kilichoangukia uani kwako. Wachunguzi hutakiwa kutoa taarifa ya awali ndani ya siku 30, na kazi yao ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kumfunga. Uliyerekodi video, wapelekee wao kabla ya kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp.