Fidia ya korona kwa ranchi za Nebraska: tarehe ilivyoizidi nguvu idadi ya ng'ombe

Wengi wakisikia kwamba serikali ya Marekani iliwalipa wafugaji wakati wa korona, hudhani hesabu ilikuwa idadi ya vichwa mara kiwango, basi. Viwango vilikuwepo, lakini kilichoamua zaidi ni tarehe. Nachukua mfano wa Cherry County, Nebraska, kaunti ya vilima vya mchanga na nyasi, ambako watu wanaishi kwa ng'ombe wa nyama.

Mpango wenyewe, CFAP (mpango wa msaada wa chakula wa korona), ulianza kupokea maombi Mei 26, 2020 kwenye ofisi za kaunti za FSA, wakala wa huduma kwa wakulima chini ya Wizara ya Kilimo. Ng'ombe walilipiwa kwa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la waliouzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15, 2020: dola 102 kwa ng'ombe wa kunenepeshwa aliye chini ya ratili 600 (kama kilo 272), dola 139 kuanzia uzito huo, dola 214 kwa aliyekwisha kunona wa kuchinjwa, na dola 92 kwa jike la uzazi lililotolewa kundini kwenda machinjioni. La pili lilikuwa la waliokuwa bado ranchini: dola 33 kwa kichwa, kwa idadi kubwa kabisa uliyokuwa nayo siku yoyote kati ya Aprili 16 na Mei 14.

Sasa iweke kalenda ya ranchi juu ya tarehe hizo. Huko ndama huzaliwa baridi inapoisha na wengi huuzwa Oktoba au Novemba. Aliyeuza ndama wake mwaka 2019 hakuwa na cha kuuza Februari. Akiwa na majike 90 na ndama 60 wachanga, alipata 150 × 33, yaani dola 4,950. Jirani yake mwenye kundi kama hilo, aliyelisha ndama 60 wa mwaka uliotangulia kipindi chote cha baridi akawauza Machi wakiwa chini ya ratili 600, aliongezewa dola 6,120. Kwa maoni yangu hapo mpango uliwaonea wazalishaji wa ndama, kwa sababu hasara yao ilikuja baadaye, msimu wao wa kuuza ulipofika. Malipo pia hayakutoka yote kwa mkupuo: kwanza asilimia 80, salio likafuata.

Awamu ya pili, iliyopokea maombi kuanzia Septemba 21, 2020, ilirekebisha kasoro hiyo kwa kiasi fulani. Ilikuwa dola 55 kwa kichwa, na mfugaji alijichagulia siku moja kati ya Aprili 16 na Agosti 31. Siku nzuri ilikuwa ile ya baada ya ndama wa mwisho kuzaliwa na kabla ya mauzo ya kwanza.

Kosa kubwa lilikuwa hapa: ng'ombe wa uzazi walihesabiwa awamu ya kwanza, lakini ya pili iliwaondoa. Mfugaji mwingine aliyenakili hesabu yake ya zamani, tuseme majike 90 na ndama 80, aliandika dola 9,350 badala ya 4,400. Zile 4,950 za ziada hazikuwa haki yake, na zikigundulika hudaiwa.

Fomu ilijazwa kwa kiapo cha mwombaji mwenyewe, ukaguzi ukafuata baadaye kwa baadhi yao. Kwa hiyo stakabadhi za mnada, daftari la uzazi na hati za mkaguzi wa chapa zilistahili kuwekwa pamoja, kila moja ikionyesha tarehe. Daftari lenye jumla ya mwisho wa mwaka tu halithibitishi kundi lilikuwaje Mei 14.

Ukomo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja. Kampuni ingeweza kufika 750,000 kama wanachama watatu walifanya, kila mmoja, angalau saa 400 za kazi au usimamizi.

Mwaka 2021 kikaja kijalizo kwa kundi lililoandikwa awamu ya kwanza, bila ombi jipya: dola 7 kwa kichwa kwa wale wa kunenepeshwa walio chini ya ratili 600, dola 63 kwa walionona. Mzalishaji wa ndama akabaki mkiani tena. Na fedha zote hizi ni mapato ya kutozwa kodi.