Nandigram haijawahi kuwa ngome ya mtu

Nimechoka, na leo wacha niseme yote. Kila mtu akitafuta mfano wa kiongozi mkubwa aliyeangushwa uchaguzini, lazima ataje Nandigram, na akishaitaja lazima aongeze ati ile ilikuwa ngome. Ngome ya wakomunisti, halafu ngome ya Mamata Banerjee, halafu ngome ya Suvendu Adhikari aliyemwangusha pale 2021, inategemea anayeongea ni nani na anataka kuthibitisha nini. Mimi kazi yangu ni kusoma matokeo ya uchaguzi, eneobunge kwa eneobunge, kituo kwa kituo, na hii ya ngome ndiyo inaniudhi kuliko zote manake inamzuia mtu kuona kilichofanyika. Ngome gani hiyo ina wenyewe watatu ndani ya miaka 15?

Kwa ambao hawajui, Nandigram ni eneobunge la mashambani katika bunge la jimbo la Bengal Magharibi, India, wilaya ya Purba Medinipur. Ukisimama Haldia, mji wa bandari na viwanda, Nandigram iko ng'ambo ya mto Haldi. Ni mpunga, mabwawa ya samaki na vitalu vya tambuu, ile ile tambuu inayotafunwa Mombasa na Lamu. Viwanda upande mmoja wa mto, mashamba upande wa pili, na siasa yote ya pale imezunguka huo mto.

Sasa tuanze na wakomunisti, na hapa nitakaa kidogo. Watu wanasema CPI(M) ilipoteza ngome yake ya Nandigram. CPI(M) haikuwa na kiti Nandigram! Kiti kilikuwa cha CPI, chama kingine kabisa, na mtu akiniambia ni kitu kimoja najua hajasoma hata jedwali moja la matokeo. Chama cha Kikomunisti cha India, ndiyo CPI, kilipasuka 1964, na Bengal wengi walienda na kipande kipya, CPI(M), lakini huku Medinipur viongozi wazito walibaki kwenye CPI ya zamani. Walikuwa na mizizi yao tangu 1946 na 1947, wakati wa Tebhaga, harakati ya wakulima waliolima mashamba ya wenyewe wakidai wabaki na theluthi mbili ya mavuno badala ya nusu. Bhupal Chandra Panda alitoka kwenye vita hivyo, na ndiye aliyeshinda kiti cha Nandigram kwa CPI 1967, 1969, 1971 na 1972. Kwa hiyo hapo mtu anaweza kusema ehe, ngome si hiyo.

Haya, nenda 1977. Mwaka ule Left Front, muungano wa vyama vya kushoto ukiongozwa na CPI(M), inafagia Bengal nzima na kuanza utawala wa miaka 34, na Nandigram inafanya nini? Inachagua Janata Party, chama kilichompinga Indira Gandhi. Sababu ukiitafuta haina uchawi, CPI ilikuwa imesimama na Congress ya Indira Gandhi wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, na 1977 haikuwa ndani ya Left Front. Wakajiunga baadaye, na 1982 CPI ikarudisha kiti. Halafu 1996, Left Front bado iko madarakani na imekaa vizuri, Nandigram inachagua Congress. 2001 na 2006 inarudi CPI kwa Sk. Illyas Mahammad. Yaani hata katika ile enzi ambayo kila mtu anaikumbuka kama nyekundu tupu, kiti hiki kiliponyoka mara mbili.

Na kuna kitu kingine jedwali halikwambii. Ndani ya Left Front vyama viligawana viti, CPI ikipewa Nandigram basi CPI(M) haiweki mgombea pale. Kwa hiyo kura za CPI 2006 zina watu wa CPI, zina watu wa CPI(M), zina watu wanaopigia muungano tu, na hakuna njia ya kuwatenganisha. Hakuna. Vitabu vinaandika "kura za CPI" kana kwamba ni watu wa aina moja, mimi nikiandika hivyo moyo unanisuta manake najua namba ile ni mchanganyiko, na sijui mtu yeyote anayeweza kuuchambua kwa uaminifu.

Shika hilo la CPI na CPI(M) manake ndilo linafanya 2007 iwe na uchungu zaidi. Waliotaka ardhi ya Nandigram kwa ajili ya kituo cha viwanda vya kemikali, pamoja na kampuni ya Salim ya Indonesia, walikuwa serikali ya Buddhadeb Bhattacharjee, mtu wa CPI(M). Aliyekuwa kinara wa mamlaka ya maendeleo ya Haldia alikuwa Lakshman Seth, mbunge wa taifa wa Tamluk, CPI(M). Wanakijiji wakachimba barabara, wakavunja madaraja, wakaunda kamati yao ya kupinga kufukuzwa kwenye ardhi. Tarehe 14 Machi 2007 polisi wakaingia kwa risasi, watu 14 wakauawa. Ni watu waliokataa kuachia mashamba yao, tusiwapite haraka hivyo tukikimbilia asilimia.

Halafu nani aliadhibiwa kwenye debe la Nandigram? CPI. Chama kidogo kilicholipa deni la mkubwa wake.

Uchaguzi mdogo wa Januari 2009 nao watu wanausimulia vibaya. Wanadhani uliitishwa kwa sababu ya mauaji. Mbunge wa CPI alijiuzulu kufuatia tuhuma za hongo zilizonaswa kwenye video, ndiyo kiti kikabaki wazi. Trinamool, chama cha Mamata, wakamsimamisha Firoja Bibi, mama aliyefiwa na mwanawe katika yale ya 2007, akashinda kwa pengo la zaidi ya kura 39,000. 2011 akarudi, kura zaidi ya laki moja, pengo zaidi ya 43,000, na mwaka huo Left Front ikaondoka madarakani, Buddhadeb mwenyewe akaangushwa kwenye kiti chake cha Jadavpur.

Ukiweka 39,000 ya 2009 na 43,000 ya 2011 kwenye mstari mmoja ukasema Trinamool "ilikua kidogo", simama hapo hapo. Mipaka ilibadilika. Agizo la kuchora upya maeneobunge ni la 2008, lakini uchaguzi mdogo wa 2009 ulikuwa wa kujaza nafasi kwenye bunge lililochaguliwa 2006, kwa hiyo ulifanyika kwa mipaka ya zamani. Mipaka mipya ilianza kutumika 2011, na kwa mipaka hiyo Nandigram ni bloku mbili, yaani vitengo vya utawala ndani ya wilaya, Nandigram I na Nandigram II. Jina lilibaki, watu ndani ya jina wakabadilika. Sisi Kenya tunalijua hili, mipaka ya 2012 ilitupa maeneobunge 290 kutoka 210, na bado kuna watu wanalinganisha 2007 na 2013 kwa jina la eneobunge bila hata kufungua ramani.

Sasa twende kwa Suvendu Adhikari. 2016 anasimama Nandigram kwa tiketi ya Trinamool na anapata 134,623. CPI inapata 53,393. BJP, chama cha Narendra Modi, inapata 10,713. Pengo ni 81,230. Desemba 2020 anahamia BJP. Mamata Banerjee, wakati huo waziri kiongozi wa jimbo, anaacha kiti chake cha Bhabanipur kule Kolkata na kumfuata Nandigram. Tarehe 10 Machi 2021, siku ile ile aliyowasilisha karatasi za uteuzi, anaumia mguu pale Birulia na anamaliza kampeni kwenye kiti cha magurudumu. Kura zinapigwa tarehe 1 Aprili. Tarehe 2 Mei habari zinatoka kwamba ameshinda kwa 1,200, halafu zinageuka, na matokeo rasmi yanakuwa Suvendu 110,764, Mamata 108,808. Pengo 1,956. Ombi la kuhesabu upya likakataliwa na msimamizi wa uchaguzi.

Na hapo ndipo kila mtu anasema, unaona, ngome ya Suvendu, amehama na watu wake.

Hebu tupige hesabu pamoja, polepole. Suvendu mwenyewe, kama mtu, alishuka kutoka 134,623 hadi 110,764. Amepungukiwa na karibu kura 24,000, na hapo kura zilizopigwa zimeongezeka kwa karibu 28,000 tangu 2016. Mtu mwenye ngome hapotezi hivyo nyumbani kwake. Trinamool bila yeye ilishuka 25,815. BJP ikapanda 100,051. Kwa hiyo hata kama kila kura iliyotoka Trinamool ilienda BJP, imeziba robo tu ya hicho kilima. Nyingine zilitoka wapi? Angalia upande wa kushoto, wa wakomunisti. Mwaka 2021 kiti hakikupewa CPI tena, CPI(M) ikamweka Minakshi Mukherjee, kijana, mkali, na akapata 6,267. Kutoka 53,393 hadi 6,267! India mgombea asiyefikisha moja ya sita ya kura anapoteza dhamana yake, na upande ulioshikilia kiti hiki miaka na miaka ulipoteza dhamana. Hizo ni kura 47,126 zilizotoweka, karibu mara mbili ya zile Trinamool ilizopoteza. Jumlisha hizo mbili unapata 72,941, na zile 27,000 na kitu zilizobaki zinakaribiana sana na ongezeko la kura zilizopigwa.

Kwa hiyo kama kuna hadithi moja kubwa ya 2021 Nandigram, mimi naiona kwenye kuporomoka kwa kushoto kuliko kwenye kuhama kwa Suvendu. Lakini nakuwa mwangalifu na neno "naiona" manake kura ni siri. Namba hizi ni za jumla. Inawezekana watu wengi wa kushoto walienda kwa Mamata na watu wengi zaidi wa Trinamool wakaenda BJP, na jumla zikatoka hivyo hivyo. Wanaochora mishale mizuri ya "kura zilihama kutoka hapa kwenda pale" wanakisia, hata wakiwa maprofesa, na kwenye eneobunge moja lenye pengo la kura 1,956 kukisia ni hatari.

Kuna wale wengine wanaomaliza mjadala kwa dini. Nandigram I Waislamu ni karibu 34%, Nandigram II karibu 12%, hiyo ni sensa ya 2011, basi wanakwambia Wahindu huku Waislamu huku, mchezo umeisha. Dini ilitumika 2021, sikatai, kampeni ilikuwa chafu na kila mwenye masikio aliisikia. Lakini Illyas alikuwa Mwislamu na alishinda 2001 na 2006. Firoja Bibi ni Mwislamu na alishinda 2009 na 2011 kwa mapengo makubwa, kwenye eneobunge ambalo Wahindu ndio wengi sana. Kama dini peke yake ingeamua, chaguzi nne mfululizo hazingewezekana. Kwa hiyo swali zuri ni nini kilibadilika kati ya 2011 na 2021 hata dini ikapata nguvu ambayo haikuwa nayo, na jibu moja liko mbele ya macho yetu: ile njia ya tatu, ya kushoto, ambayo mtu wa dini yoyote angeweza kuipita akiwa na hasira na Trinamool, iliziba.

Hili la Mamata kuwa waziri kiongozi baada ya kushindwa nalipita haraka. Hakukuwa na wizi wala njia ya mkato. Trinamool ilishinda viti 213, na katiba ya India, kifungu 164, inamruhusu mtu asiye mbunge kuwa waziri kwa miezi sita. Aliapishwa tarehe 5 Mei, Bhabanipur ikaachwa wazi, akashinda uchaguzi mdogo wa tarehe 30 Septemba kwa 58,835. Kesi yake ya kupinga matokeo ya Nandigram ilienda Mahakama Kuu ya Calcutta, ambako jaji wa kwanza alijiondoa na kumtoza Mamata faini ya rupia laki 5 kwa namna alivyomwomba ajiondoe.

Ninachotaka watu wakiangalie badala ya haya yote ni Fomu 20, karatasi ya matokeo ya kila kituo. Kwetu ni kama Fomu 35A zikiwa zimepangwa pamoja. Ina uzuri wake na ina ubaya wake. India mashine za kupigia kura zinahesabiwa moja moja, kwa hiyo kila chama kinajua kijiji fulani kilipigaje. Tume ya uchaguzi ilipendekeza tangu 2008 kifaa cha kuchanganya kura za vituo kadhaa kabla ya kuhesabu ili vijiji visijulikane, serikali ikakataa. Mahali kama Nandigram, ambako watu walishafukuzwa majumbani kwa ajili ya siasa, kujulikana kijiji chako kilipigaje si jambo dogo, na nikisoma zile safu za namba huwa nafikiria hilo.

Na kama umeamua kunibishia, karibu, lakini uje na Fomu 20 ya 2016 na ya 2021 za bloku zote mbili, na kabla hujalinganisha kituo na kituo uangalie kwanza orodha ya vituo. 2021 kwa sababu ya korona vituo vyenye wapiga kura zaidi ya 1,000 viligawanywa, Bengal nzima ikatoka vituo 77,000 na kitu hadi zaidi ya 101,000. Kituo chenye namba ile ile kinaweza kuwa na wapiga kura tofauti kabisa, na nusu ya makala nilizosoma kuhusu "vituo vilivyogeuka" Nandigram hazikuangalia hilo.