Kiwashio cha piezo: cheche isiyohitaji betri

Ukibonyeza na kuzungusha swichi ya jiko la gesi, ukasikia "ta!" moja na moto ukashika, hicho ni kiwashio cha piezo. Hakina betri wala hakiungwi na umeme wa nyumba. Jiko linalolia tik-tik-tik mfululizo ni la aina nyingine.

Ndani yake mna springi, nyundo ndogo ya chuma na kipande cha kauri maalumu. Ukisukuma, springi hujibana hadi mwisho, kisha nyundo huachiwa ghafla na kuigonga kauri. Kauri ikiminywa, upande wake mmoja huwa chanya na mwingine hasi. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hili mwaka 1880 kwa fuwele mbalimbali, hata za sukari ya miwa.

Pigo moja huweza kutoa zaidi ya volti 10,000. Ili cheche iruke hewani huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita, kwa hiyo pengo kati ya ncha ya kiwashio na kichwa cha jiko huwa milimita 3 hadi 5 tu. Ncha ikipinda pengo likaongezeka, cheche hairuki.

Viberiti vya gesi vya kubonyeza, vile vya shingo ndefu vya jikoni na baadhi ya hita za maji za gesi hutumia kifaa hikihiki.

Kauri yenyewe huharibika mara chache. Jikoni Kigoma, adui mkubwa ni mawese yanayoruka wakati wa kukaanga migebuka: yakiungua juu ya ncha huacha masizi, na masizi hupitisha umeme, hivyo nguvu yote huvujia pembeni. Unyevu wa masika hufanya vivyo hivyo. Funga mtungi, subiri jiko lipoe, sugua ncha na kikauri cheupe kinachoizunguka kwa mswaki mkavu, kisha ujaribu gizani mtungi ukiwa bado umefungwa. Cheche ikionekana kwenye waya badala ya ncha, ganda la waya limechanika. Isipoonekana popote na mlio upo, angalia kama waya umechomoka. Mlio usiposikika kabisa, springi au nyundo imekwama. Badilisha kiwashio chote.

Moto usiposhika ndani ya sekunde chache, usiendelee kubonyeza. Funga gesi, fungua milango na usubiri dakika kadhaa, maana gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.