Medicaid wakati wa korona: mzigo uliongezeka, kodi ikashuka

Nchini Marekani, Medicaid ni bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Tangu 1965 inalipiwa na mifuko miwili, wa serikali ya shirikisho na wa jimbo, na mgawanyo hufuata wastani wa kipato cha wakazi. California na New York hulipiwa na shirikisho nusu ya gharama, kiwango cha chini kabisa. Mississippi, jimbo maskini, karibu asilimia 77.

Kasheshe huanza uchumi unapoyumba. Aprili 2020 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14. Mpishi wa hoteli aliyeachishwa kazi mara nyingi alipoteza pia bima ya mwajiri, akaenda kuomba Medicaid. Kodi aliyokuwa akikatwa nayo ikakoma. Serikali kuu inaweza kukopa kuziba pengo kama hilo; majimbo yamebanwa na sheria zao, matumizi yasizidi mapato (Vermont peke yake haina sharti hilo). Kanuni ya mgawanyo nayo haikuwa na msaada, maana hupima kipato cha miaka 3 iliyokwisha kupita. Kwa hesabu zake, korona ilikuwa bado haijaingia.

Machi 2020 Bunge likaongeza mchango wa shirikisho kwa pointi 6.2 za asilimia, kiwango kilekile cha 2009, na kuurudisha nyuma hadi Januari. Bili ya dola 100 iliyokuwa ikiligharimu jimbo la New York dola 50 ikaligharimu 43.80. Watu wazima walioongezwa kwenye Medicaid na sheria ya afya ya 2010 (Obamacare) hawakuhusika, kwa kuwa shirikisho tayari lilibeba asilimia 90 ya gharama zao.

Fedha hizo zilikuja na sharti, nami naliona lilikuwa na uzito kuliko fedha zenyewe: jimbo lisimwondoe mwanachama, isipokuwa aombe mwenyewe, ahame jimbo au afariki. Wanachama, pamoja na wa CHIP (bima ya watoto), wakapanda kutoka kama milioni 71 hadi zaidi ya milioni 90.

Sharti lilikoma mwisho wa Machi 2023, na nyongeza ikapunguzwa kwa hatua hadi Desemba. Zaidi ya watu milioni 20 waliondolewa, wengi wao kwa sababu ya makaratasi tu: fomu haikurudishwa, barua ilikwenda anwani ya zamani. Kanuni ya miaka 3 haikuguswa, kwa hiyo uchumi ukianguka tena majimbo yatasubiri Bunge lipige kura upya.